Rangi Juu ya Sauti

Mzee Brashi hakuwahi kuacha kitu bila maandishi. Kikombe chake cha chai kiliandikwa, ndoo ya bafuni iliandikwa, na ngazi yake ya kazini iliandikwa NGAZI kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kana kwamba kuna mtu angeipita akidhani ni kabati. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Nusu ya milango ya maduka ya mtaa ule ilipita mkononi mwake, na malori, na ukuta wa zahanati, na lile tangazo la USIKOJOE HAPA lililopendeza mpaka watu wakawa wanasimama kulitazama kwanza ndipo wakojoe. Majirani walimtania kwamba iko siku ataandika hata kuku. Naye akajibu, kwa ile sauti yake nene iliyosikika toka mwanzo wa barabara, kwamba kuku akitulia ataandikwa.

Sauti hiyo ndiyo iliyoondoka.

Ilianza kama mkwaruzo wa koo. Akanywa maji ya moto na asali, kama tunavyofanya sote tunapoogopa hospitali. Mwishowe madaktari wakamwambia bila kuzunguka kwamba uvimbe umekaa kwenye kisanduku cha sauti: ama wakitoe chote abaki hai bila kusema, ama aendelee kusema kwa muda mfupi uliobaki. Mzee aliwatazama, akatoka nje, akarudi, akasema sawa.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Mkewe alikuwa haoni. Presha ya macho ilimjia taratibu, ikamla kuanzia pembeni kuelekea katikati, mpaka siku moja akamimina chai mezani akidhani kikombe kipo. Nyumba moja, mke haoni, mume hasemi. Ukilikalia jambo hilo na kulifikiria sana unaweza ukakufuru.

Kabla ya siku ya kupasuliwa, Mzee akamwita binti yake. Binti huyo walimwita Kopi, kwa sababu alizaliwa na sura ya mama yake bila kukosea hata nukta. Na dunia ina utani wake, alipokua akapata kazi kwenye duka la kutoa kopi, kuchapa barua na kunakili diski za sherehe za watu.

"Nifundishe kuchoma DVD," Mzee akamwambia.

"Baba, hiyo nitakuchomea mwenyewe. Wewe zungumza tu, mengine niachie."

"Nimesema nifundishe. Maneno ni ya mama yako. Wewe yanakuhusu nini?"

Mtu atauliza kwa nini DVD, zama hizi ambapo kila mtu ana simu. Aulize mwenye macho yake. Simu ni kioo kitupu, haina pa kushika. Asiyeona akiigusa inampigia mtu asiyemjua. Lakini deki ya pale sebuleni ilikuwa na vitufe vilivyojitokeza, na Mama alivijua vyote kama anavyojua meno yake. Alikuwa anaifungua, anaweka diski, anabonyeza, anakaa. Hakumhitaji mtu. Mzee alitaka mkewe asimhitaji mtu.

Basi Kopi akaahidi kutoyasikiliza, akamfundisha kwenye kompyuta ya mdogo wake, namna ya kuhamisha picha kutoka kwenye simu, kubonyeza hapa na kungoja pale. Mzee akajifungia chumbani mchana kutwa, simu ikiwa imeegeshwa kwenye mkebe wa rangi, akizungumza mpaka diski zikajaa. Alipomaliza alifuta kila kitu kwenye simu na kwenye kompyuta, kwa sababu alimjua mwanawe wa mwisho kuwa ni mdaku. Halafu akafanya lile ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya. Akafungua rangi ya mafuta, akaizimua kwa tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, akaandika juu ya kila diski.

Hakuandika kwa macho ya mtu. Aliandika kwa vidole vya mkewe. Alipaka herufi, akaziacha zikauke, akapaka tena juu yake, na tena, na tena, mpaka zikanenepa na kusimama, ukizipitishia kidole unazisoma gizani. ASUBUHI. JIKONI. KULALA. Na moja akaiandika UGOMVI, kwa sababu wale walikuwa watu wa kugombana, na hakutaka mkewe amkose siku ambayo roho yake inataka mtu wa kumpigia kelele. Kila neno alilipinda kwa juu kufuata mviringo wa diski, upande wa chini akauacha mtupu. Bango zuri, alizoea kusema, lazima lipewe mahali pa kupumulia.

Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anapumua kwa tundu la shingoni lililofunikwa kitambaa, na daktari alimkataza moshi, vumbi na harufu yoyote ya rangi. Brashi zake zikafungwa kwenye gazeti zikawekwa juu ya kabati.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Asubuhi Mama alipapasa diski kwenye rafu, akasoma kwa kidole, akaweka, na nyumba ikajaa sauti ya Mzee akimwambia aamke, asivae ile sweta yenye tundu, dirisha la jikoni linataka kusukumwa kwa bega. Watoto walipotaka kuingia sebuleni Mama aliwafukuza. Mzee mwenyewe alikaa pembeni ya mkewe, amefumba mdomo, anajisikiliza. Wakati mwingine alimshika kiganja akamwandikia neno kwa kidole, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia yao nyingine. Lakini Mama alisema mumewe akiandika kiganjani anaandika kama bango, maneno mawili matatu kwa herufi kubwa, basi. Mtu aliyeolewa na mwenye maneno mengi hashibi kwa bango.

Halafu diski zikaanza kuugua, na ugonjwa ulianzia mkiani. Mwisho wa kila diski palikuwa na jina. Jina hilo Mzee alimpa mkewe siku za uchumba, na hakuna mtoto aliyewahi kulisikia. Mama aliwaambia tu kwamba lipo, na kwamba halifai kwa masikio ya watu wenye adabu, kisha akacheka. Mzee alilisema mwisho, kama mtu anavyofunga mlango kabla ya kulala. Siku moja sauti ilipokaribia hapo ikakatika kama ya mtu anayemeza mate, ikasema silabi moja, ikakatika tena, kukawa kimya. Deki ikaguna ndani kwa ndani. Mama akabonyeza kitufe akarudisha nyuma, ikakwama palepale.

"Si anakuandikia kiganjani?" Kopi alimuuliza Mama alipompigia kwa kisimu chake cha zamani cha vitufe. "Hilo jina, mwambie aliandike."

"Ameliandika mara nyingi. Jina likiandikwa linasomwa, mwanangu. Haliiti."

Kopi alikuja Jumapili na pamba na spiriti. Akafungua deki, akafuta lenzi taratibu, akapuliza vumbi. Akaweka diski ya harusi ya jirani, ikacheza mwanzo mpaka mwisho, shangwe na vigelegele. Akaweka ASUBUHI, ikakwama. Deki haikuwa na ugonjwa. Kila wiki kukwama kulisogea nyuma kidogo, kutoka mwisho kuja katikati, na Mama alikuwa anapoteza maneno ya mumewe kwa mara ya pili, sasa polepole.

Mdogo wake Kopi, dereva wa teksi waliyezoea kumwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa na majibu kabla ya swali. Kitinda ana moyo mzuri, nasema hivyo mapema ili nisimwonee, lakini ulimi wake haujui breki ambazo mwenyewe anazijua.

"Ni vidole," akasema. "Mama anazishika kutwa. Anazipapasa, anazisugua, ametoka kujipaka mafuta, ametoka kumenya vitunguu. Zitaacha kuharibika vipi? Hata mimi ningekuwa diski ningekufa."

"Nazishika pembeni," Mama akasema.

"Mama, unashika pembeni unajuaje pembeni ni wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akitazama mikono ya mkewe. Kopi aliona lile jicho na halikumpendeza. Siku iliyofuata karibu na deki palikuwa na beseni, sabuni na taulo, na kopo la mafuta ya kujipaka lilihamishiwa juu kabisa ambako Mama hafiki. Mzee aliuchukua mkono wa mkewe akaandika: NAWA KWANZA. Mama akanawa. Akawa ananawa kila mara, kabla na baada, mpaka ngozi ya vidole ikakauka na kupasuka. Na bado sauti iliendelea kurudi nyuma.

Jioni moja Mama alimpigia Kopi simu kwa siri kutoka jikoni. "Mwanangu, nimeimaliza sauti ya baba yako kwa mikono yangu. Njoo uzichukue kabla sijaimaliza yote. Naomba uniletee hata lile jina tu. Sitazigusa tena, utaniwekea wewe."

Kopi alizifunga diski kwenye kanga, akamwambia Mzee kwamba anakwenda kuzisafisha kazini, akaondoka nazo.

Pale dukani, saa ya watu kupungua, alikaa kwenye kompyuta ya nyuma, karibu na mashine ya kopi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima sauti. Maneno yalikuwa ya mama yake, na kuahidi ni kuahidi, hata kama aliyeahidiwa hawezi tena kuuliza. Kwa hiyo alitengeneza diski za baba yake kwa macho tu. Akaweka ASUBUHI, na Mzee akatokea kwenye kioo, shingo nzima, mdomo unakwenda. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaonekana, na nywele amezichana kwa maji. Kumbe alijipamba kwa ajili ya mtu asiyeona. Kopi alitazama mdomo ule ukicheka kimya, ukinung'unika kimya, akajikuta ameziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja ili mteja aliyekuwa akichagua bahasha asimsikie.

Akajikaza. Akafanya kazi kama anavyowafanyia wengine. Alifuta upande wa chini kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Akaukagua. Ukweli ulimshangaza: upande wa chini ulikuwa msafi. Hapakuwa na alama ya kidole, hapakuwa na mafuta, wala mkwaruzo wa maana. Diski za watu wenye macho mawili mazima zilizoletwa pale dukani zilikuwa chafu kuliko hizi. Mama alikuwa anazishika pembeni na kwenye tundu la katikati, kama alivyosema, na hakuna aliyemwamini.

Akairudisha, akaacha izunguke. Mashine ikaanza kutetemeka. Si kidogo, kalamu iliyokuwa juu ya meza ilibingirika ikaanguka. Akaitoa, akaweka diski tupu isiyoandikwa kitu. Kimya. Akairudisha ASUBUHI, meza ikatetemeka tena. Ndipo alipoigeuza, akazitazama zile herufi nene zilizojipanga upande mmoja, na upande wa pili pakavu, pa kupumulia.

Kinachozunguka kwa kasi kinataka uzito sawa pande zote. Kitinda mwenyewe anajua hilo, tairi likiwa na uzito upande mmoja usukani unatikisika. Na diski husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Kadiri kisomeo kinavyokwenda nje ndivyo mtikisiko unavyozidi, ndiyo maana mwisho ulitangulia kupotea. Kopi akashusha kasi ya kusoma kadiri kompyuta ilivyokubali. Ikasogea mbele kuliko ilivyofika kwenye deki, moyo wake ukaruka, kisha ikagota. Akajaribu kwa kompyuta nyingine. Akajaribu programu ya kuokoa diski zilizokwaruzika, ambayo hurudia mahali pamoja mpaka ikate tamaa, ikakata tamaa. Kila ilipofika chini ya herufi, haikuona kitu.

Kama ingekuwa uzito peke yake, angeikwangua rangi na mambo yangekwisha. Aliinua diski kuelekea taa. Huko nyuma ya kila herufi plastiki ilikuwa imepasuka nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, na kwenye ukingo, weupe kama wa maziwa ulikuwa umeingia katikati ya tabaka mbili na kuenea. Tina. Ilishuka kutoka kwenye rangi, tabaka baada ya tabaka, ikala taratibu. Akaichukua JIKONI, vilevile. KULALA, vilevile. UGOMVI ndiyo iliyoliwa kuliko zote, maana ilikuwa na herufi zilizonona.

Hapo hapana dawa. Kopi alinakili sehemu za mwanzo zilizokuwa zinasomeka, akazihifadhi. Miisho ilikuwa imekwenda, na jina lilikuwa mwishoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukikuta kilichokula ni zawadi.

Alifika nyumbani mchana wa Jumamosi, akazirudisha diski kwenye rafu. Mzee alikuwa ameenda kwa kinyozi, Mama yuko uani anakunja nguo zilizokauka, akizitambua kwa mishono. Kopi akakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, si vidole vyako."

Mikono ya Mama ikasimama. "Unasema?"

"Chini ni safi. Hujawahi kuzichafua. Ni rangi. Herufi ni nzito, diski zinatikisika, na tina imeingia ndani imezila. Mwisho wa zote umekwisha, Mama. Nimejaribu kila ninachojua. Jina sijalipata. Nisamehe."

Mama alivipapasa vidole vyake, kimoja kimoja. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyetua mzigo, akanyoosha mikono yake iliyopasuka mbele yake kana kwamba anaiona. "Kwa hiyo si mimi," akasema. "Nimenawa mpaka nimechubuka, na kumbe si mimi." Kicheko kikageuka katikati ya njia. Akainamia shati alilokuwa analikunja, akalia kwa sauti ya chini, mabega tu yakitikisika. Kopi akamshika magoti, naye akalia.

Mama alipojifuta uso, neno lake la kwanza lilikuwa swali. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na iwe hivyo."

"Mama!" Kopi akasimama. "Haiwezekani. Kitinda anakusema kama mtoto mdogo. Baba anakutazama... wewe huoni anavyokutazama. Lazima wajue."

"Sioni, lakini najua. Nimelala na baba yako miaka yote hii, nikipumua vibaya anajua, akinitazama vibaya najua. Kaa chini." Kopi akakaa. "Baba yako amebakiwa na nini? Sauti hana. Brashi zipo juu ya kabati, haruhusiwi hata kuzinusa. Kila asubuhi namsikia anaposogea nikiwa napapasa zile herufi. Anasimama nyuma yangu, anapumua kwa lile tundu lake, anangoja niisome mpaka mwisho. Nikisema 'Asubuhi,' anashusha pumzi. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho duniani, na ameifanya kwa ajili yangu. Leo niende nikamwambie kwamba kazi yake ya mwisho ndiyo iliyoua sauti yake? Mtu huyo anaamini rangi ni ngozi ya kitu. Amepaka milango watu wamekufa wameiacha. Hapana."

"Kwa hiyo ubebe lawama wewe."

"Mimi ni mtu mzima, nitaibeba. Yeye itamlalia kifuani, na kifua chenyewe hakina hata pa kukoholea."

"Na jina lako?"

Mama alikunja shati likawa dogo, akalifungua, akalikunja upya. "Nalikumbuka," akasema. "Linanitosha kulikumbuka." Kopi, aliyekuwa na sura yake, alijua kwamba hilo halikuwa kweli.

Mambo yangeishia hapo kama si Kitinda na moyo wake mzuri. Kesho yake alikuja na boksi kubwa: deki mpya. Aliipata kwa mteja wake mmoja, akakaa chini akaunganisha nyaya mwenyewe, jasho linamtoka, anapiga mluzi. "Leo Mama utasikia mpaka mwisho," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa imechoka." Mzee alisogeza kiti karibu. Alikuwa amevaa shati safi. Kopi alitaka kusema waache, lakini angesema kwa sababu gani? Akabaki amesimama mlangoni mwa jikoni, sahani mkononi.

Mama alipapasa akaichagua KULALA, japokuwa ilikuwa mchana kweupe. Labda aliichagua hiyo kwa sababu hapo ndipo jina lilipokaa vizuri zaidi. Akaisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Mzee akashusha pumzi. Deki mpya ikaimeza diski, ikazunguka, ikazunguka, ikaguna. Sauti ikaja, nene, nzima: "Umefunga mlango wa nyuma? Nakujua, hujafunga..." Mzee alitabasamu. Ikasema maneno mengine machache, ikajikwaa, ikasimama. Deki ikatetemeka, ikaitema diski nje.

Kitinda aliirudisha. Ikaitema. Akairudisha tena kwa nguvu.

"Basi, mwanangu," Mama akasema.

"Basi nini?" Kitinda akageuka, na machozi yalikuwa karibu, ndiyo maana maneno yalitoka makali. "Nimehangaika na deki, kumbe deki haina kosa! Mama, umeziua. Tulikwambia tangu mwanzo, usizishike ovyo. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya Baba, hakuna nyingine! Ungeachia watu wenye macho wakuwekee, ingekugharimu nini?"

Sahani ilimponyoka Kopi ikaanguka. "Kitinda, funga mdomo wako! Wewe hujui kitu, zile diski..."

"Kopi." Mama hakupandisha sauti, lakini Kopi alinyamaza kama alivyokuwa akinyamaza alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Mama aligeuza uso kuelekea kule kwenye kiti cha mumewe. Alikosea kidogo, akawa anatazama ukuta ulio kando yake. "Kitinda anasema kweli. Ni mikono yangu. Niliambiwa nikawa mbishi, nikazishika na mafuta, nikazishika na maji. Nimeharibu kitu ulichonitengenezea, Baba Kopi, na sina cha kukulipa. Nisamehe."

Kitinda akainamisha kichwa, aibu imemshika kwa kuchelewa, kama kawaida yake. Kilichosikika ni pumzi ya Mzee tu, ikiingia na kutoka chini ya kitambaa.

Mzee aliinuka. Alikwenda taratibu akapiga magoti mbele ya mkewe, magoti ya mtu aliyepanda ngazi maisha yake yote, yakalia. Akauchukua mkono wake wa kulia, akaupindua, akakilaza kiganja juu ya goti. Aliiona ile ngozi iliyopasuka kwa kunawa, akaipitishia kidole gumba mara moja. Halafu akaanza kuandika, polepole, kwa herufi kubwa. Kopi alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akazisoma moja moja zilivyokuwa zikichorwa, akatamani asingewahi kufundishwa kusoma.

NIMEKUSAMEHE.

Mama aliingoja herufi ya mwisho mpaka ikaisha. Akakifunga kiganja.

"Ahsante, mume wangu," akasema.